UCHAMBUZI: Mabwawa ya Nakuru na nyaraka zisizomfikia mwananchi

KATIKA mwaka mmoja tu, 2018, Kaunti ya Nakuru ilipata misiba miwili ya mabwawa. Bwawa la kwanza, la Solai, lilikuwepo ilhali halikuwa na leseni. La pili, la Itare katika eneo la Kuresoi, lilikuwa na mkataba, mkopo na mwanakandarasi, lakini halikuwepo.

Misiba hiyo huzungumzwa kana kwamba haihusiani. Wa Solai huwekwa katika fungu la ajali na mafuriko, nao wa Itare huwekwa katika fungu la miradi mikubwa iliyofujwa. Anayeichunguza kwa makini ataona kwamba chanzo chake kimoja ni kile kile. Katika visa vyote viwili, karatasi ambazo zingemwezesha mwananchi kuuliza swali mapema zilikuwa mikononi mwa wachache, nao wachache hao hawakuona sababu ya kuzitoa.

Tuanze na Solai. Usiku wa Jumatano, Mei 9, 2018, baada ya majuma kadhaa ya mvua kubwa, ukingo wa bwawa la Patel katika shamba la kahawa la kibinafsi ulivunjika. Maji yaliteremka gizani yakazoa nyumba, mifugo, miti na watu katika vijiji vilivyokuwa chini ya shamba hilo. Watu 48 walifariki, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mamia ya familia ziliachwa bila makao, na darasa ambamo watoto walisoma mchana huo katika Shule ya Msingi ya Nyakinyua likajaa matope.

Msiba ulipotokea, maafisa wa mamlaka ya kusimamia rasilimali za maji walijitokeza kusema kwamba bwawa hilo halikuwa na leseni. Walioitoa kauli hiyo huenda walidhani inawaondolea lawama. Lakini bwawa si sindano kwamba laweza kupotea nyasini. Lilionekana barabarani, lilionekana na wafanyakazi wa shamba, na lilionekana kila asubuhi na wakazi ambao kwa miaka walinung'unika kwamba maji ya mito yalizuiwa huko juu huku wao wakibaki na mitungi mikavu. Ikiwa kila mtu aliliona, ni nani ambaye hakujua kwamba halikuwa na leseni? Jibu ni wakazi wenyewe. Wao ndio waliolala chini yake bila kujua.

Kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Mutula Kilonzo Junior, ambaye wakati huo alikuwa seneta wa Makueni, iliizuru Solai, ikasikiliza waathiriwa na maafisa, kisha ikathibitisha kwamba bwawa hilo lilijengwa kinyume cha sheria. Mnamo Julai 2018, watu tisa walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Miongoni mwao walikuwa mwenye shamba, meneja wake na maafisa wa umma waliohusika na masuala ya maji na mazingira. Februari 2020, hakimu wa Naivasha aliwaachilia washtakiwa hao akiulaumu upande wa mashtaka kwa kutokuwa tayari kuendelea na kesi. Baadaye mwaka huo huo, Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo na kuagiza kesi isikizwe.

Si nia ya makala haya kuamua ni nani aliye na hatia katika suala lililofikishwa mahakamani. Mahakama huuliza nani alitenda kosa, na huuliza hivyo baada ya makaburi kuchimbwa. Uwazi huuliza swali lingine na huliuliza mapema zaidi: ni nani angeweza kujua, na kwa nini hakuambiwa?

Tuseme kwamba mwaka mmoja kabla ya mkasa, ukutani mwa ofisi ya chifu wa Solai, kungebandikwa karatasi moja tu yenye orodha ya mabwawa ya eneo hilo: jina la mwenye bwawa, nambari ya leseni, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na jina la mhandisi aliyeukagua ukingo. Mbele ya jina la shamba hilo, safu ya leseni na safu ya ukaguzi zingekuwa tupu. Mwalimu wa shule angeliona pengo hilo, kasisi angelisoma kanisani, na diwani angeulizwa mbele ya hadhara. Karatasi kama hiyo haihitaji mkopo kutoka ng'ambo wala kongamano katika hoteli ya kifahari kando ya Ziwa Naivasha. Gharama yake ni wino na gundi.

Itare ni kisa cha namna nyingine, na hapa inabidi kueleza kwanza kiu ya Nakuru.

Mji wa Nakuru ulipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipoukabidhi hati yake. Ni jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti nzima watu 2,162,202. Lakini jiji hilo limekaa juu ya miamba ya volkano, na maji mengi ya visima vyake yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) limekiweka kuwa kikomo. Yeyote aliyekulia Bonde la Ufa ya kati anaijua athari yake. Ni yale meno ya rangi ya kahawia ambayo huwafanya vijana wengi wacheke huku wamefunika midomo kwa viganja. Zaidi ya kiwango fulani, floridi huathiri hata mifupa. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imejishughulisha kwa miaka mingi na kuyachuja maji hayo kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, kazi ya kusifika, ingawa haiwezi kulitosheleza jiji zima.

Kwa hiyo wazo la kuyaleta maji safi ya mto kutoka Msitu wa Mau halikuwa wazo la kipuuzi. Bwawa la Itare, huko Ndoinet katika Kuresoi, lilikusudiwa kutoa mita za ujazo 100,000 za maji kila siku na kuyapeleka Kuresoi, Molo, Njoro, Rongai na Nakuru kupitia handaki refu na mabomba. Gharama yake ilitajwa kuwa takriban Sh38 bilioni, nyingi yazo zikiwa mkopo uliopangwa kupitia benki za Ulaya. Kandarasi ilipewa kampuni ya Italia, CMC di Ravenna, huku msimamizi kwa niaba ya serikali akiwa Bodi ya Huduma za Maji ya Bonde la Ufa, yenye makao yake mjini Nakuru.

Kazi ilianza kwa kishindo mwaka wa 2017. Kabla mwaka wa 2018 haujaisha, mitambo ilikuwa imenyamaza. Desemba mwaka huo, CMC di Ravenna iliomba kinga ya mahakama nchini Italia dhidi ya wadai wake kwa kulemewa na madeni. Bwawa liliachwa likiwa chini ya theluthi moja ya kazi. Vibarua walirudi makwao bila malipo yao ya mwisho. Wafanyabiashara wa Kuresoi waliokuwa wameuza chakula, mafuta na mawe kwa mkopo wakabaki na stakabadhi mifukoni. Ahadi za kuufufua mradi huo zimetolewa zaidi ya mara moja, lakini hakuna mkazi wa Nakuru aliyewahi kunywa kikombe kimoja cha maji ya Itare.

Kampuni kufilisika si dhambi ya pekee ya Kenya. Yamewahi kutokea hayo hata katika mataifa yenye mahakama na benki imara. Swali letu ni jingine. Je, kabla ya kutiwa saini kwa mkataba, ni nani aliyezikagua hesabu za kampuni hiyo, na ripoti yake iko wapi? Malipo ya awali yalikuwa kiasi gani, na yalilindwa kwa dhamana ya nani? Mkataba unasema nini juu ya siku ambayo mwanakandarasi atashindwa kuendelea? Na mkopo huo unalipwaje, kwa riba gani, ilhali kitu kilichokopewa hakipo? Haya ni maswali ambayo karani yeyote wa chama cha ushirika cha maziwa kule Molo angeyauliza kabla ya kuidhinisha ununuzi wa tangi la kupozea maziwa.

Lipo pia suala la wale wasiotaka bwawa hilo. Mto Itare unaelekea Sondu na hatimaye Ziwa Victoria. Viongozi na wakazi wa Kericho na wa Nyanza walilalamika kwamba maji yao yangegeuzwa njia, na mabishano yakawa makali hadi yakachukua sura ya kikabila. Ugomvi huo ulikuwa na dawa, nayo ni takwimu za mtiririko wa mto, kiasi kitakachochukuliwa na kiasi kitakachoachwa. Mahali ambapo takwimu hazikufika, uvumi ulifika. Mkulima wa Kericho aliambiwa na mwanasiasa wake kwamba mto utakauka. Mwenzake wa Njoro naye akaambiwa kwamba watu wa huko chini wana wivu. Hakuna kati yao aliyeonyeshwa ukurasa mmoja wa tathmini ya athari za mazingira kwa lugha anayoielewa.

Hapa pana haja ya kugusia mabwawa ya Arror na Kimwarer katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, ambako kampuni hiyo hiyo ya Italia ilikuwa mshirika. Septemba 2019, serikali iliufuta mradi wa Kimwarer baada ya kamati ya wataalamu kueleza kwamba utafiti pekee wa upembuzi yakinifu uliowahi kufanywa ulikuwa wa miaka 28 iliyotangulia, na kwamba utafiti huo wenyewe ulionyesha ufa wa kijiolojia katika eneo la mradi. Msomaji na atafakari jambo hilo. Onyo lilikuwepo kwa miaka 28. Lilikuwa limeandikwa na wataalamu waliolipwa, kisha likahifadhiwa. Kesi za jinai zilizofuata zina historia yake ndefu ambayo haitoshei hapa. Linalotuhusu ni kwamba waraka mmoja wa zamani, kama ungekuwa mahali ambapo mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Egerton au cha Moi angeweza kuusoma, ungeiokolea nchi mabilioni ya pesa.

Nasi tunaohariri habari tuna kawaida ya kuyapima maneno, kwa hiyo naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Kiswahili kina vitenzi ambavyo hueleza tukio bila kumtaja mtendaji. Tunasema bwawa limepasuka, mradi umekwama, faili imepotea, fedha zimetoweka. Sentensi hizo ni sahihi kisarufi na hazina kosa la kurekebishwa kwa kalamu nyekundu. Lakini ukizisoma taarifa za idara za serikali kwa miaka thelathini, utaona jinsi vitenzi hivyo vinavyopendwa. Ni nadra kusoma kwamba afisa fulani hakukagua ukingo, au kwamba kamati fulani iliidhinisha malipo kabla ya kuona dhamana. Katika taarifa hizo bwawa hujipasua na fedha hujiondokea zenyewe kama kwamba zina miguu. Mwandishi chipukizi akiniletea sentensi ya namna hiyo, humrudishia na swali moja: nani?

Swali hilo liliwahi kukosa jibu kwa namna ya kusikitisha huko Mai Mahiu, kwenye eneo la Naivasha. Alfajiri ya Jumatatu, Aprili 29, 2024, maji mengi yalishuka ghafla na kuua zaidi ya watu 50. Taarifa za kwanza zilisema bwawa kuukuu la Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema hakukuwa na bwawa. Maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani baada ya njia ya maji iliyo chini yake kuzibwa na matope, mawe na miti. Kwa saa kadhaa, taifa halikujua kama kitu kilichoua watu wake kilikuwa bwawa au la. Na tuta la reli lina mwenyewe. Kulizibua tundu lililo chini yake ni kazi ya mtu fulani, katika ofisi fulani, yenye bajeti fulani.

Siku chache baada ya maafa hayo, serikali ilitoa orodha ya mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 ambayo yalikuwa karibu kufurika, ikawaamuru waliokaa karibu nayo wahame. Hatua hiyo ilistahili pongezi kwa kuwa huenda iliokoa maisha. Hata hivyo, inazua swali zito. Orodha ya mabwawa 178 haitungwi kwa usiku mmoja. Majina, mahali na hali ya mabwawa mengi yalikuwa yanajulikana na mtu fulani tayari. Kama habari hizo zingeweza kutangazwa Mei 2024, zingeweza kutangazwa Machi, kabla ya masika kuanza.

Wapo watakaosema kwamba Kenya inahitaji sheria kali zaidi. Mimi siamini hivyo. Sheria tunazo, tena nzuri. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaiagiza serikali kuzitangaza habari muhimu zinazoligusa taifa. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na uwajibikaji katika masuala yote ya fedha za umma. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika kukamilisha ripoti zake, na kumtaka aseme kama fedha zilitumika kisheria na kwa njia yenye manufaa. Sura nzima ya Sita inahusu uadilifu wa viongozi. Julai 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyochukua nafasi ya ile ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003.

Lakini iliyo na meno zaidi kwa mwananchi wa Solai au Kuresoi ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo kwa bahati mbaya haijulikani sana vijijini. Inafaa kuieleza kwa urefu kidogo.

Sheria hiyo inaziamuru taasisi za umma zitangaze zenyewe, bila kuombwa, mambo makuu ya kila mkataba zinaotia saini: kazi itakayofanywa, kiasi cha pesa, jina la anayepewa kazi na muda wa kuikamilisha. Mwananchi akitaka zaidi, anaweza kuandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili. Imeandikwa hivyo katika sheria. Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kutoa ombi lake kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika. Hatakiwi kueleza kwa nini anataka habari hizo. Hatozwi ada ya kuomba, ila gharama ya kunakili tu. Ofisi ina siku 21 kujibu, na iwapo habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, ina saa 48. Akinyimwa, anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo yenye jukumu la kuisimamia sheria hiyo.

Kuna kipengee kingine ambacho wengi hukiruka. Sheria hiyo haiishii kwa ofisi za serikali. Inaigusa pia kampuni au taasisi ya kibinafsi iliyo na habari zenye umuhimu mkubwa kwa umma kwa sababu zinahusu haki za binadamu, mazingira, au afya na usalama wa watu. Kwa maoni yangu, ni vigumu kufikiria mfano ulio wazi kuliko bwawa lililo juu ya kijiji. Mwenye shamba hawezi kusema kwamba ukingo wake ni siri ya biashara yake ikiwa watoto wa watu wamelala chini yake.

Utetezi wa kawaida wa maafisa ni kwamba mikataba ina vipengee vya usiri, na kwamba kuianika kutawatisha wawekezaji. Hoja hii haifai kupuuzwa moja kwa moja, kwa sababu zipo siri halali. Fomula ya kiwandani ni siri, na vivyo hivyo rekodi ya mgonjwa hospitalini. Lakini bei ya bwawa si fomula. Tena tuna mfano wa karibu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba mikataba ya mikopo ya reli ya kisasa, ile inayotoka Mombasa hadi Nairobi na kupanuliwa hadi Suswa karibu na Naivasha, haiwezi kuonyeshwa. Wanaharakati walikwenda mahakamani, na Mei 2022 Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaamuru mikataba ya mradi huo itolewe. Novemba mwaka huo, waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alichapisha mikataba mitatu ya mikopo. Mbingu hazikuanguka. Wananchi walisoma riba, muda wa kulipa na mahali ambapo migogoro ingeamuliwa. Walichokasirikia ni masharti yaliyokuwamo, na hasa kwamba walikuja kuyaona baada ya deni kuwa limekwisha kuwa lao.

Na hapo ndipo palipo kiini cha uoga wa wakubwa. Hofu ya mwekezaji hutajwa sana, ila inayofichwa ni hofu ya mpiga kura.

Kuna wakati ambapo siri hutoka kwa sababu mtumishi mmoja amekataa kunyamaza. Historia yetu haijawatendea haki watu wa namna hiyo. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyesaidia kuifichua kashfa ya Goldenberg mapema miaka ya tisini, alipoteza kazi yake, akahangaika, na akafariki Narok mwaka wa 2006 akiwa fukara. Sheria ya Hongo ya 2016 ina kifungu kinachowakinga wanaofichua ufisadi. Karani wa leo katika ofisi ya maji ya Nakuru au Naivasha anakijua kifungu hicho, lakini pia anakijua kisa cha Munyakei. Ndiyo maana utaratibu wa kutangaza nyaraka kwa kawaida, mwezi baada ya mwezi, una thamani kubwa kuliko kumtegemea shujaa. Karatasi iliyokwisha kubandikwa ukutani haimhitaji mtu wa kuipenyeza usiku.

Wala lawama zote zisielekezwe Nairobi. Nakuru ina bunge la kaunti lenye wawakilishi wa wadi 55 waliochaguliwa. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, kaunti imekuwa na magavana watatu: Kinuthia Mbugua, Lee Kinyanjui na Susan Kihika. Vikao vya kushirikisha umma huitishwa, na watu huja. Lakini ni ushiriki gani ule ambapo mwananchi anakabidhiwa kitabu cha bajeti cha mamia ya kurasa, kwa Kiingereza cha wahasibu, asubuhi ile ile ya kikao? Anatia saini orodha ya mahudhurio na kurudi nyumbani. Orodha hiyo huambatishwa kama ushahidi kwamba alishauriwa. Ripoti za ukaguzi nazo, kwa miaka na miaka, zimejaa maneno yale yale kuhusu taasisi mbalimbali za umma nchini: nyaraka za kuthibitisha matumizi hazikuwasilishwa. Ikiwa Mkaguzi Mkuu, mwenye nguvu za Katiba, hunyimwa karatasi, mama muuza viazi wa Mau Narok atazipata wapi?

Hata hivyo, yapo ambayo bunge la kaunti linaweza kuyafanya bila kungoja mtu. Linaweza kuitaka idara ya maji ya kaunti, kwa ushirikiano na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iweke hadharani sajili ya kila bwawa, la umma na la kibinafsi, kuanzia mabwawa ya mashamba ya maua ya Naivasha hadi yale ya mashamba makubwa ya Solai, Subukia na Rongai. Sajili hiyo ionyeshe leseni, ukaguzi na mhandisi. Ichapishwe kwa Kiswahili na ibandikwe katika ofisi za machifu, sokoni na shuleni. Irekebishwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mwenye bwawa lisilokaguliwa aonekane na majirani zake.

Kuhusu Itare, maombi yanayofaa kupelekwa kwa shirika lililorithi kazi za bodi ile ya maji, pamoja na Hazina ya Kitaifa, hayazidi ukurasa mmoja: mkataba wa ujenzi na nyongeza zake zote, mkataba wa mkopo, hati za malipo yote yaliyofanywa tangu siku ya kwanza, dhamana za malipo ya awali na taarifa ya iwapo zimedaiwa, tathmini ya kazi iliyofanyika hadi mitambo iliponyamaza, na iwapo mradi unafufuliwa, gharama mpya na sababu ya tofauti. Ombi hilo linaweza kuandikwa na chama cha wakazi wa mtaa wa Kaptembwo, na wanafunzi wa Egerton, au na muungano wa wafanyabiashara wa Kuresoi ambao hawajasahau stakabadhi zao. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Siku 21 zinaanza kuhesabiwa linapopokewa na kugongwa muhuri, kwa hiyo anayelipeleka asikose kubaki na nakala yenye muhuri huo.